Nyumba umeipenda ila haina pa kupaki, ununue au uachane nayo?

Nianze na kosa langu mwenyewe ili tuelewane. Nyumba ya kwanza niliyonunua dalali alinionyesha siku ya Jumatano saa nne asubuhi, mtaa mweupe kabisa, mbele ya mlango ungepaki lori na nafasi ikabaki, nikamuuliza "na paking je?" akanyoosha mkono barabarani, "si hiyo hapo". Nikaridhika. Siku ya kwanza kurudi pale kutoka kazini ilikuwa saa mbili usiku, magari yamejaa mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, nikazunguka mara tano, nikaishia mtaa wa tatu kutoka kwangu nikiwa na mabegi mawili na mtoto amelala begani. Nikajiambia leo nimekosa bahati tu. Kumbe ndio maisha ya pale, miaka minne. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, hilo silikatai, ila pamoja na nyumba nilinunua na ile shughuli ya kila usiku, na hiyo hakuna aliyenionyesha kabla sijasaini.

Lakini sitakwambia usinunue. Ninayoishi sasa hivi nayo haina paking na sijutii hata kidogo, kwa sababu hii niliichunguza kwanza. Nitakueleza nilivyofanya, we chukua kinachokufaa.

Anza na gari lako kabla ya nyumba

Mtu ukimuuliza unatumia gari mara ngapi atakujibu kila siku, bila hata kufikiria. Sasa wewe usijibu, andika. Mwezi mmoja tu, kwenye simu: kila ukitoka na gari andika saa uliyotoka, saa uliyorudi, uliyekuwa naye na ulichobeba. Profesa mmoja wa UCLA, chuo kikuu kilichopo Los Angeles kule Marekani, Donald Shoup, aliyetumia maisha yake kuchunguza mambo ya paking, alikuwa akikumbusha watu kwamba gari la kawaida linasimama kama asilimia 95 ya muda wake. Piga hesabu, kwenye masaa 24 linatembea saa moja na dakika chache, masaa mengine yote linahitaji mahali pa kukaa. Kwa hiyo ukinunua nyumba isiyo na paking, hizo asilimia 95 ndio unazotafutia makao.

Kwenye daftari lako angalia zaidi saa za kurudi. Anayerudi saa kumi jioni na anayerudi saa tatu usiku wanaweza kukaa mtaa mmoja, mlango kwa mlango, na mmoja akakwambia hapa paking ni ya kumwaga mwingine akakwambia hapa ni vita, na wote wasiwe waongo. Angalia pia umebeba nini. Kama wewe ni fundi na vyombo vyako vya kazi vinalala ndani ya gari, au unaitwa kazini katikati ya usiku na ukirudi alfajiri nafasi yako imeshachukuliwa, au mna magari mawili, au kuna mtu nyumbani ambaye kutembea mita 100 ni kazi kubwa, basi mimi ningekwambia tafuta nyumba nyingine na nisingejadili sana. Na mtu unayetegemea kuja kuishi naye mbeleni, mzazi aliyezeeka kwa mfano, mhesabu humo humo maana nyumba hainunuliwi kwa ajili ya mwaka huu peke yake.

Ukimaliza mwezi ukakuta gari umeliwasha mara sita tu, jiulize swali lingine kabisa: hili gari ninalo la nini? Mimi nililiuza la pili baada ya zoezi hili hili. Huenda nyumba haina tatizo, ulichonacho ni gari la ziada.

Nenda usiku, na usiende mara moja

Hii ndio sehemu ninayoiamini kuliko zote. Nyumba inaonyeshwa mchana wa siku ya kazi, wenyeji wameondoka na magari yao, na hapo hakuna anayekudanganya, ni saa tu. Wewe nenda saa unayorudi kweli, ile iliyopo kwenye daftari. Nenda Jumanne au Jumatano usiku, nenda Ijumaa, nenda Jumapili usiku watu wakiwa wote wamesharudi, kama karibu kuna uwanja wa michezo au ukumbi au nyumba ya ibada au shule basi nenda na siku zao. Nenda siku ya mvua kama unaweza. Mara tano hivi, sita, zinatosha kukupa picha.

Na ukienda usikae pembeni kuhesabu nafasi, fanya kweli: ingia na gari lako, washa saa kwenye simu ukifika mlangoni pa nyumba, tafuta nafasi, paki, tembea mpaka mlangoni, zima saa. Andika. Tena beba kitu kizito. Mtu mzima anayetembea kawaida anakwenda kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 400 ni dakika tano, na dakika tano ukizisoma hapa zinaonekana si kitu, ila na mtoto aliyelala na mizigo ya safari mbili zile dakika tano zinageuka kumi na tano kwa sababu unakwenda, unarudi, unakwenda tena. Na wakati unakwenda na mzigo wa kwanza, mtoto unamwacha na nani? Fikiria hilo kabla hujaona ni kitu kidogo.

Angalia pia unapopita. Taa zipo? Ungekubali mwanao wa kike au mama yako apite hapo peke yake saa nne usiku? Angalia vioo vya pembeni vya magari yaliyopaki, kama vingi vimefungwa na gundi au vimekunjwa vyote basi mtaa ni mwembamba na magari yanakwanguliwa, huo ni ushahidi ambao hakuna dalali atakuambia.

Ukimkuta jirani nje msalimie umuulize, ila usiulize "paking hapa ikoje" maana atakujibu "iko sawa tu", kila mtu anajibu hivyo. Muulize "jana ulipaki wapi?" Hapo utapata jibu. Mimi mzee mmoja nilipomuuliza hivyo alicheka, akanipeleka kona ya pili kunionyesha gari lake, akasema lina siku tatu pale hataki kulitoa kwa sababu akilitoa tu nafasi imekwenda. Unaona? Mtu ana gari na analiogopa kulitumia. Ile nyumba niliiacha jioni ile ile.

Usiamini mkono wa dalali, amini karatasi

Barabara ya mbele ya nyumba si ya nyumba. Sehemu nyingi tu mtu anaishi miaka ishirini akidhani ile nafasi mbele ya dirisha lake ni yake na kumbe ni ya yeyote atakayewahi. Sasa uliza manispaa wenyewe, na uliza kwa maandishi: mtaa huu unahitaji kibali cha kupaki? Anwani HII, namba hii ya mlango, inaruhusiwa kupata kibali? Vingapi kwa nyumba moja? Kuna foleni ya kusubiri? Mgeni anapakije? Na kibali kinakupa nafasi au kinakupa ruhusa ya kutafuta nafasi? Mara nyingi ni hiyo ya pili, wanaweza kutoa vibali vingi kuliko nafasi zilizopo.

Swali la anwani nimelikazia kwa sababu kuna mtego. London kwa mfano kuna majengo mengi mapya yamejengwa kwa masharti kwamba wakazi wake hawaruhusiwi kupata kibali cha kupaki mtaani, sharti limeandikwa kwenye makubaliano ya ujenzi, unaweza kuwa unaishi pale na jirani wa nyumba ya zamani upande wa pili ana kibali na wewe huna na hutapata. Mtu anakuja kugundua ameshahamia. Japani wao wamekwenda mbali zaidi, tangu sheria yao ya 1962 ukitaka kusajili gari unatakiwa kwanza kuonyesha kwamba una mahali pa kuliweka, polisi wanathibitisha, na siku hizi mahali hapo pasizidi kilomita 2 kutoka unapoishi, vigari vyao vidogo sana ndio vina unafuu maeneo fulani. Kwa hiyo kule kununua nyumba bila paking maana yake lazima ukodi nafasi au usiwe na gari, hakuna kubahatisha. Mimi naona ni afadhali hivyo kuliko ya huku kwetu sisi tunaozunguka zunguka.

Na ukiambiwa nyumba INA paking nako usilale. Nafasi imo kwenye hati ya nyumba, au ina hati yake, au ni mazoea tu kwamba mwenye nyumba wa sasa huwa anapaki pale na hakuna aliyemkataza? Ni kuimiliki au ni haki ya kutumia? Halafu chukua futi kamba ukapime. Uingereza nafasi ya kawaida inahesabiwa mita 2.4 kwa 4.8, na magari ya siku hizi yamenenepa, lenye upana wa mita 1.9 ukilijumlisha na vioo vyake unaingia ila mlango haufunguki utoke. Paking za chini ya jengo zina nguzo na kona, zile za mashine za kupandisha gari juu ya jingine zina kikomo cha urefu na uzito. Nimeshaona mtu ana banda la gari zuri kabisa amejaza masanduku na baiskeli mbovu kwa sababu gari haliingii, yeye yuko mtaani na sisi.

Pesa sasa

Hapa watu wanakosea kwa kulinganisha vitu viwili tu, bei ya nyumba yenye paking na bei ya isiyo nayo. Tafuta kwanza kama karibu kuna nafasi ya kukodi kwa mwezi, kwenye jengo la jirani, uwanja wa watu binafsi, popote ndani ya mwendo wa dakika tano, na uulize kama kweli iko wazi na mkataba ni wa muda gani maana mkataba wa mwezi mwezi unaweza kukatwa wakati wowote.

Tuseme, bila kutaja pesa ya nchi yoyote, nyumba yenye paking imezidi ile nyingine kwa 60, na kukodi nafasi ni 5 kwa mwaka. Ukigawa unapata miaka 12, wengi wanaishia hapo wanasema kama nitakaa zaidi ya miaka 12 bora ninunue yenye paking. Sio hivyo. Ile 60 hujaitupa, siku ya kuuza itarudi yote au sehemu yake, kwa hiyo gharama yake halisi ni ile riba. Kama unanunua kwa mkopo wa asilimia 10, hiyo 60 inakula riba ya 6 mwaka wa kwanza, yaani tayari imezidi kodi ya 5, ingawa itapungua kadiri unavyolipa deni wakati kodi huwa inapanda. Mkopo ukiwa wa asilimia 4 riba ni 2.4 na hapo yenye paking imeshinda kirahisi. Unaona kitu kimoja, nyumba zile zile mbili, jibu limegeuka kwa sababu ya riba. Chukua namba zako ufanye.

Halafu ongeza vile vidogo vidogo: kibali cha mwaka, bima (mpigie wa bima umwambie gari litalala barabarani kwenye anwani hii, akupe bei, ni simu moja tu), faini za kusahau siku ya kufagia barabara ambayo hairuhusiwi kupaki, kioo cha pembeni kinachovunjwa, teksi za zile siku unaogopa kulitoa gari. Faini ndio zinazoudhi. Mwaka wangu wa kwanza faini peke yake zingenilipia nafasi ya kukodi miezi kadhaa, na bado nilikuwa natembea mitaa mitatu.

Kuna njia ya tatu, kutolipia gari kabisa. Jumlisha bima, mafuta, matengenezo, gari linavyoshuka thamani, weka pembeni, uone hiyo pesa inanunua teksi na gari la kukodi mara ngapi kwa mwezi. Kwa mtu wa mara sita kwa mwezi jibu huwa linashangaza.

"Nitajitengenezea mbele ya nyumba"

Wengi wananunua na hili wazo kichwani. Linawezekana, ila usilihesabu kama tayari unalo. Unahitaji kama mita 3 upana ili mlango ufunguke na mita 5 kwenda ndani bila mkia wa gari kutokeza njia ya waenda kwa miguu. Unahitaji ruhusa ya kushusha ukingo wa barabara ili gari liweze kupanda, na hapo manispaa wataangalia kama upo karibu na kona, na kivuko, na mti, na nguzo ya umeme, na mabomba yanapita wapi chini. Maji ya mvua nayo, England tangu 2008 ukisakafia bustani ya mbele zaidi ya mita 5 za mraba kwa kitu kisichopitisha maji na maji yakawa yanakimbilia barabarani unahitaji kibali cha ujenzi, kwa sababu kila mtu akisakafia mtaa unafurika. Kama nyumba ni ya ghorofa la pamoja sahau, ile mbele ni ya wote.

Uliza jirani aliyefanya, kama yupo. Kama mtaa mzima una nyumba 40 zinazofanana na hakuna hata moja iliyofanya, tambua kuna sababu. Na kumbuka ukishusha ukingo umeua nafasi moja ya mtaani, majirani hawatakushangilia.

Ukiwa na gari la umeme au unalifikiria

Hapa mimi nimebadilika mawazo, zamani nilikuwa naona paking ni suala la miguu tu. Mwenye nafasi yake na soketi ya kawaida ukutani anapata kama kilowati 2 hivi, usiku wa masaa 10 ni uniti 20, na gari likienda kilomita 6 kwa uniti moja anaamka na kilomita 120 bila kufanya chochote, amelala tu. Asiye na nafasi anakwenda kupanga foleni ya chaji kwa watu, ambako uniti mara nyingi ni ghali kuliko ya nyumbani. Kupitisha waya juu ya njia ya watu usiwaze, mtu akijikwaa ni kesi. Kwa hiyo kama gari lako linalofuata litakuwa la umeme, tembea mtaani uhesabu vituo vya chaji na uangalie usiku kama viko wazi au vimekaliwa. Visipokuwepo, uzito wa kukosa paking uzidishe mara mbili kwenye mizani yako.

Mtaa wa leo sio wa kesho

Miji mingi inaachana na zile sheria za kulazimisha kila jengo jipya liwe na idadi fulani ya paking. Buffalo kule Marekani walizifuta mji mzima 2017, Mexico City nao mwaka huo huo. Kwa mji naona ni jambo zuri, nyumba zinapata unafuu, ila kwa wewe unayenunua bila paking maana yake angalia viwanja vitupu. Ile yadi iliyofungwa nyuma ya mtaa ikija kuwa ghorofa la familia 60 bila paking, baadhi ya magari yao yatakuja kulala kwako. Nenda manispaa uangalie maombi ya ujenzi yaliyowasilishwa karibu na hapo, sehemu nyingi yako wazi kwa mtu yeyote. Angalia na upande wa pili, kama kuna njia ya treni au basi inajengwa, maana hiyo ndio itakayokuokoa siku ya kuuza: nyumba isiyo na paking iliyo dakika tano kutoka stesheni ina wanunuzi wake, iliyo mbali na kila kitu mnunuzi wake ni yule yule mwenye gari na atakuuliza swali lile lile ulilouliza wewe.

Ukishaamua unaitaka, lile daftari la usiku lipeleke kwenye mazungumzo ya bei. Usiseme "haina paking" kwa ujumla, muuzaji anajua na bei ameshaishusha kidogo, mwonyeshe tarehe na dakika: Jumanne dakika 14, Ijumaa dakika 22, Jumapili nimekosa kabisa, na kukodi nafasi ya karibu ni kiasi hiki kwa mwaka. Mimi nilipunguziwa, si sana, ila ilitosha kukodi nafasi mwaka na nusu. Kama kuna nafasi ya kukodi, saini hiyo kwanza au siku moja na nyumba, usisubiri mpaka umehamia ndio ukaulize, mwenzio atakuwa ameshaichukua. Kibali nacho omba mapema, mahali pengine hawakupi mpaka uonyeshe hati yenye jina lako na inachukua wiki kadhaa, kwa hiyo uliza zile wiki za katikati unapaki kwa ruhusa gani.

Ah, na lori la kuhamisha vyombo. Hilo nalo linahitaji pa kusimama, na siku hiyo hutaki kuwa mtu anayezuia mtaa mzima majirani wakimwona kwa mara ya kwanza. Omba nafasi izuiwe mapema kama manispaa wanatoa huduma hiyo, kama hawatoi basi hamia siku ya kazi saa nne asubuhi. Mtaa utakuwa mweupe.